Muulize Shangazi: Krismasi inakuja na orodha iko kichwani

Haya wapenzi, barua za toleo hili ni kama mlikaa kikao mkakubaliana, karibu zote zinauliza zawadi za Krismasi, nani apewe nani aachwe, hela itoke wapi na Januari tutaishije. Nimechagua chache nikazipunguza kidogo maana kuna wengine mnaandika mpaka shangazi anasinzia katikati. Majina ya kweli nimeyaweka pembeni kama kawaida, nimebakiza ya utani mliyojipa wenyewe.

Shangazi shikamoo. Mimi nina mume na watoto wawili, wakwe wote wawili wapo, mawifi watatu, ndugu zangu wanne na watoto wao, halafu kuna marafiki wa kazini. Kila mwaka najiambia safari hii siumii, nakaa najipangia kichwani vizuri kabisa, nikifika dukani nachukua kitu kimoja kimoja na hakuna hata kimoja cha bei mbaya, lakini nikija kushtuka hela imeisha na wifi mmoja bado hajapata kitu. Mwaka jana nilikopa kwa jirani kumalizia. Mume wangu anasema mimi bajeti siijui, mimi nasema vitu vimepanda. Nani mkweli? *Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Wote mna ukweli ila mumeo kakuzidi kidogo, usimwambie nimesema. Vitu vinapanda kweli, lakini kilichokumaliza ni hilo neno ulilolipitisha haraka haraka hapo juu, "kichwani". Orodha ya kichwani ina ugonjwa wake, inawakumbuka unaowapenda na kuwasahau unaolazimika kuwapa, yaani mwalimu wa mtoto, dada anayekusaidia nyumbani, yule jirani ambaye kila mwaka anabisha hodi na kifurushi, hao wanajileta wenyewe tarehe 23 ukiwa umebakiza nauli.

Chukua karatasi leo. Andika majina matupu, usiandike kitu cha kununua hata kimoja, maana ukishaandika kitu tu moyo unahamia huko na hesabu imekufa. Andika wote mpaka yule unayeona uvivu kumwandika, halafu ibandike mlangoni mwa kabati siku mbili tatu, utaona majina yanaongezeka. Nimekuhesabia kwa vidole hapa, mume, watoto, wakwe, mawifi na ndugu zako ni watu 12 tayari, na bado sijagusa watoto wa ndugu zako wala hao wa kazini. Sasa 12 ukizidisha kwa "kitu kidogo tu" unapata kitu kikubwa, hapo hakuna uchawi.

Ukimaliza geuza karatasi, upande wa pili andika Januari. Kodi ya nyumba, umeme, nauli, chakula, deni la jirani kama hujalimaliza. Watu wengi hili wanalikosea kwa sababu moja ya ajabu sana, mshahara wa Desemba mara nyingi unatoka mapema, tuseme tarehe 20, watu wanashangilia, na unaofuata ni tarehe 31 Januari. Hizo ni siku 42, wiki 6 kamili, na wewe akili yako inapiga hesabu ya wiki 4 kama miezi mingine. Kwahiyo toa kwanza matumizi ya wiki 6, kitakachobaki ndio mfuko wa zawadi hata kama ni kidogo mpaka kinachekesha. Usianze na zawadi halafu ukategemea Januari itajijua.

Huo mfuko ugawe mafungu 100. Mimi ningekuwa wewe ningeweka 40 kwa hao mnaolala nyumba moja, 20 wazazi na wakwe, 15 ndugu na mawifi kwa hesabu ya nyumba sio ya kichwa, yaani nyumba ya wifi inapata kitu kimoja cha wote, 10 watu wengine wote, na 15 zilizobaki usiziguse, ni za vinyemelezi.

Vinyemelezi ndio vilivyonifunza adabu mimi. Kuna mwaka niliamua kila risiti ya Desemba naitupia kwenye kopo, tarehe 2 Januari nikalimwaga kitandani, nikazitenga mafungu mawili, za zawadi zenyewe upande huu na za mengineyo upande ule. Jamani, fungu la mengineyo lilikuwa linalifukuzia lile la zawadi! Karatasi za kufungia, utepe, betri za kigari ambacho kilikuja bila betri, gharama ya kutuma mzigo, teksi mara mbili kwa sababu mifuko ilikuwa mizito, na blauzi moja ambayo kwa kweli kwenye orodha nzima hakuna mtu wa saizi ile, isipokuwa mimi.

Ukienda dukani nenda na hiyo karatasi, kila jina lina kiwango chake, ukinunua andika bei halisi hapo hapo ukiwa bado kwenye foleni. Ukizidisha kwa mtu mmoja basi punguza kwa mwingine siku hiyo hiyo, ila usiende kuichukua upande wa pili wa karatasi. Na huyo wifi anayekosa kila mwaka naomba mwaka huu umwandike wa kwanza, bila shaka ameshaona.

Anti za masiku, mi ndo nimeanza kazi mwaka huu, kwetu watu wazima tuko kumi na utaratibu ni kila mtu anamnunulia kila mtu. Nilivyokuwa mwanafunzi walikuwa hawanidai, sasa hivi kwenye grupu la familia wameshaanza vijembe, "mwaka huu tuna mfanyakazi". Nawapenda ila nikipiga hesabu naona giza, na nikisema sina wataona nimeanza uchoyo mapema. *Kitinda Mimba*

Nzuri mwanangu, na hongera ya kazi. Hesabu ya kwenu iko hivi, watu 10 kila mmoja akinunua za wenzake 9 ni zawadi 90. Tisini! Kwenye sebule moja! Nusu ya hizo ni vitu vilivyonunuliwa kwa haraka na mtu aliyechoka ambavyo mpokeaji anatafuta pa kuviweka. Mkichora majina, kila mtu akachukua jina moja akanunua zawadi moja ya maana, zinabaki 10 na kila mtu ametoka na kitu.

Sasa usiliseme wewe. Kitinda mimba mwenye mshahara wa kwanza akileta hoja ya kupunguza zawadi, hata kama ana haki, ataonekana mbahili mpaka azeeke. Tafuta dada yako mkubwa au yeyote mwenye watoto wengi na madeni mengi, huyo amechoka kukushinda, anasubiri tu mtu aanze. Mtumie ujumbe pembeni, yeye ndiye alipeleke kwenye grupu, na alipeleke mapema maana ikifika wiki ya tatu ya Desemba kuna watu wameshanunua za watu sita na hawatakubali kupata hasara peke yao.

Mkikubaliana wekeni kiwango cha juu na cha chini vyote viwili, watu huwa wanaweka cha juu tu halafu mmoja analeta saa na mwingine analeta kalamu, kesho yake kimya kwenye grupu. Watoto watoeni kwenye mchezo, wao wapewe kama kawaida.

Na kuhusu kuchora kwenyewe, mkiweka vikaratasi kwenye bakuli mkachukua, mara nyingi lazima mtu ataokota jina lake, mtarudia, mtarudia tena, wengine watakuwa wameshachungulia. Sio kwamba mna mkosi, ni hesabu, kwa watu 10 uwezekano wa wote kukosa majina yao wenyewe mara ya kwanza ni kama asilimia 37 tu. Fanyeni hivi, mpeni mtu asiyekuwemo kwenye mchezo vikaratasi avichanganye, avipange mstari mmoja mezani, kila jina linampa linalofuata na la mwisho linampa la kwanza. Akiona mke na mume wamekaa pamoja anawatenganisha, maana hao watapeana tu hata msipowaambia. Amwambie kila mtu jina lake kwa siri na kazi imeisha.

Shangazi, nina mchumba wa miezi 7, nataka nimfanyie sapraizi ya simu ya maana Krismasi hii. Mshahara haufiki ila kuna app imenikubalia mkopo kwa asilimia 8 tu, siku 30. Asilimia 8 si ndogo? *Bwana Mipango*

Salamu hakuna, sawa, mapenzi yamekukaba.

Asilimia 8 ya nini na kwa muda gani, hapo ndipo penye swali. Ni ya siku 30. Ukiwa wa kukopa ukilipa ukikopa tena, ndani ya mwaka unalipa 8 mara 12, ambayo ni asilimia 96, karibu simu ya pili, na hapo bado faini za kuchelewa. Utaniambia ni mara moja tu. Haya, tuseme umekopa tarehe 15 Desemba, siku 30 zinaisha tarehe 14 Januari. Rudi kwenye zile siku 42 nilizomwambia Mama Wawili uone tarehe 14 inaangukia wapi. Mshahara wa Desemba umeshaliwa na wa Januari bado wiki mbili na zaidi, ndipo wanapokusubiri hapo, na wewe utachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza huku bibie anapiga selfi.

Kama simu ni lazima, mpe kwenye siku yake ya kuzaliwa na uanze kuweka pembeni sasa hivi. Krismasi hii mpe kitu cha ukubwa wa mfuko wako. Na Bwana Mipango, mtu unayetaka kumuoa ana haki ya kujua mshahara wako unafika wapi, hilo nalo ni sapraizi lakini ni bora alipate sasa.

Shikamoo shangazi, swali fupi, ni kweli nikisubiri ofa za mwisho wa Novemba nitaokoa hela au ni uongo wa wauzaji? Na je ni bora kununua mapema mapema kabisa? *Mpenda Ofa*

Marahaba. Vyote viwili vipo. Hiyo Black Friday asili yake ni Marekani, ni Ijumaa inayofuata Sikukuu yao ya Shukrani, ambayo kwa sheria yao ya 1941 huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, ikawa ndio mlango wa manunuzi ya Krismasi na sasa dunia nzima inaitumia hata wasiojua wanashukuru nini. Zipo ofa za kweli, lakini kuna mchezo mmoja ujue. Kitu cha 100 kinapandishwa asilimia 25 kinakuwa 125, wiki mbili baadaye kinabandikwa "punguzo asilimia 20", piga hesabu, kimerudi 100 ile ile na wewe umeondoka unacheka. Umoja wa Ulaya walichoka na hilo, tangu 28 Mei 2022 muuzaji kule akitangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoiuzia kitu hicho ndani ya siku 30 zilizopita. Kama unapoishi hakuna sheria kama hiyo basi ipo simu yako, Oktoba pita piga picha bei ya vitu vilivyo kwenye orodha yako, Novemba linganisha. Na kitu ambacho hakina jina la mtu kwenye karatasi, hata wakipunguza asilimia 40, bado unatoa 60 ambazo hukupanga kuzitoa.

Kununua mapema ni kuzuri na mimi nasimama upande huo, ila kuna mashimo yake. Viatu na nguo za watoto usinunue Agosti, mguu haukusubiri. Angalia siku za kurudisha bidhaa, maana ukinunua Septemba mpaka mwenye zawadi aifungue Desemba muda wa kubadilisha saizi umeshapita. Na andika umeficha wapi. Kuna mwaka nilinunua shali nzuri mno mwezi wa tisa, nikaificha juu ya kabati nyuma ya begi, Desemba nikasahau kama niliinunua nikaenda kununua nyingine, ile ya kwanza nikaja kuiokota Machi natafuta begi la safari. Kwahiyo orodha iwe na kisehemu cha "nimenunua, iko wapi", ila watoto wasiione hiyo karatasi, hao wanasoma kuliko mnavyodhani.

Anti habari, kazini kuna mwenzetu anataka tuchange kila mwezi kuanzia Februari, atunze yeye, Novemba atugawie tukanunue zawadi. Wazo nimelipenda ila moyo unasita. *Moyo Unasita*

Nzuri. Moyo wako una akili. Wazo lenyewe ni zuri na ni la zamani, kuna benki moja ya mji wa Carlisle, Pennsylvania huko Marekani ilianzisha akaunti za kuweka akiba ya Krismasi mwaka 1909, watu wanaweka kidogo kidogo na hawagusi mpaka sikukuu ikikaribia, ikaenea kweli kweli. Kuanzia Februari mpaka Novemba ni awamu 10, unatoa sehemu ya kumi kila mwezi, hata huisikii.

Shida iko kwenye hayo maneno mawili, "atunze yeye". Sisemi mwenzako mwizi. Uingereza kulikuwa na kampuni inaitwa Farepak, familia zilikuwa zinalipa kidogo kidogo mwaka mzima ili Desemba wapewe vikapu na vocha za manunuzi. Oktoba 2006 ikaanguka, watu zaidi ya laki moja wakabaki mikono mitupu na Krismasi iko mlangoni, na walikaa miaka wakisubiri sehemu tu ya hela zao. Hiyo ni kampuni yenye ofisi na vitabu vya hesabu, sembuse droo ya mtu.

Kama mnataka kuchanga fungueni akaunti ya kikundi ambayo hela haitoki bila sahihi za watu wawili au watatu, na kila mwenye kuchanga awe anaona salio. Mgawane katikati ya Novemba, mkisubiri tarehe 20 Desemba mtanunua kwa presha na mtalipia hiyo presha. Akikataa sahihi ya pili basi weka mwenyewe kwenye akaunti yako ambayo haina kadi.

Shangazi, kumpa mtu hela badala ya zawadi ni utovu wa adabu? Mimi nina wapwa wa miaka 17 na 19, kila nikiwanunulia nguo siwaoni wamevaa. *Mjomba Mchovu*

Kaka yangu, kuna mchumi wa Marekani anaitwa Joel Waldfogel, mwaka 1993 alichapisha utafiti wake, aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi walizopewa wenyewe wangezinunua kwa kiasi gani, ukiacha thamani ya upendo. Akakuta kati ya sehemu ya kumi na theluthi ya thamani inapotea njiani, yaani umetoa 100 lakini kwa mpokeaji ni kama 70 mpaka 90. Wapenzi na marafiki ndio walikuwa hawakosei sana. Waliokosea zaidi ni babu na bibi pamoja na, samahani jamani, wajomba na mashangazi. Niliposoma hapo nilifunga kwanza nikaenda kunywa maji.

Kwahiyo wapwa wa umri huo wape hela na moyo mweupe, weka kwenye bahasha na mistari miwili kwa mkono wako, sio kuituma kimya kimya kama unalipa bili. Mtoto wa miaka 6 usimpe hela, yeye anataka kuchana karatasi. Na wazazi wako pia usiwape hela tupu siku ya Krismasi kama huwa unawasaidia kila mwezi, wataona ni ile ile ya kila mwezi na zawadi hawajaiona.

Anti, mtu akiniletea zawadi na mimi sikumwandika, nifanyeje? *Niliyeumbuka*

Sema asante, ifungue, ifurahie, basi. Usikimbilie chumbani kufungafunga kitu ulichopewa mwaka jana. Mimi nilifanya hivyo, mgeni yuko sebuleni, nikakumbuka kisanduku cha sabuni za manukato kilichokuwa kabatini hakijafunguliwa, nikakifunga mbio mbio nikatoka nacho natabasamu. Akakifungua hapo hapo. Ndani kulikuwa na kadi, na kadi ina mwandiko wake.